Chila ikizima, usikimbilie kitufe

Simu nyingi ninazopigiwa na mahoteli kuhusu chila, mtambo unaopoza maji ya viyoyozi, huanza hivi: "Fundi, chila imezima, tumeshairiseti, inakataa." Kuzima kwenyewe hakunishtui. Kinachonitia wasiwasi ni hilo la "tumeshairiseti", yaani wamebonyeza kitufe iwake upya. Mtambo wa kupoza maji ukizima wenyewe, mara nyingi umejiokoa: presha imepanda kupita kiasi, au maji hayazunguki, au fezi moja kati ya tatu za umeme imepotea, na bodi inayoongoza mtambo imekata kabla kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupozea, haijafa. Anayeulazimisha uwake mara ya pili, ya tatu na ya nne ndiye anayeua mashine.

Kwa hiyo la kwanza, kabla ya mkono kwenda popote, piga picha ya skrini ya bodi. Si kila bodi inaweka kumbukumbu, na alamu ikishafutwa fundi anabaki kubahatisha. Ukishajua sababu na umeiondoa, riseti mara moja. Ikizima tena kwa alamu ileile, iache imezima.

Mtu akiambiwa kuna mtambo Zanzibar umepasuliwa na barafu, atacheka. Lakini hutokea, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote ninazozijua katika kazi hii. Chila za hoteli kwa kawaida hutoa maji ya nyuzi 7 na kuyapokea yakirudi na nyuzi 12 hivi. Kutoka 7 hadi sifuri si mbali. Pampu ikisimama au strena, chujio la maji, ikiziba kwa kutu na mchanga, maji yaliyotuama ndani ya evaporeta, sehemu ambayo gesi huyapoza, yanaendelea kunyonywa joto, yanaganda, yanatanuka, yanapasua mabomba. Halafu maji yanaingia upande wa gesi, yanafika kwenye oili na kompresa. Hapo huzungumzii tena matengenezo, unazungumzia mashine mpya.

Kinachozuia maafa hayo ni swichi ndogo ya mtiririko wa maji, inayozima mashine maji yasipopita. Na ndiyo kifaa cha kwanza watu kukiwekea dairekti, yaani waya wa kukiruka ili mashine iwake bila kukisikiliza. Nikifungua paneli nisiyoizoea, kabla ya kutazama geji za presha, natafuta waya usio na namba: kipande kifupi, rangi yoyote, ncha zimemenywa kwa meno, kimeunganisha tamino (vishikio vya waya) mbili ambazo hazikupaswa kukutana. Ukiuliza nani kaweka, jibu ni lilelile kila hoteli: "Huo tumeukuta, fundi." Sijapata kumkuta aliyeuweka.

Umeme nao una yake. Unguja tunategemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na tangu 2013 tuna ule mkubwa wa megawati 100. Waliokuwepo kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanajua maana ya kukosa umeme wa bara. Siku hizi kukatika ni kwa saa, si kwa miezi, lakini kwa chila saa nyingi za kukaa bila umeme zina hatari ambayo mameneja wengi hawaielewi. Chini ya kompresa kuna hita ndogo inayoiweka oili katika joto. Umeme ukikatika, hita inapoa, na gesi inahamia kwenye kompresa na kujichanganya na oili. Ukiwasha papo hapo umeme uliporudi, gesi ile inachemka ghafla, oili inatoa povu na kukimbilia kwenye mabomba, beringi zinasaga kavu. Watengenezaji wengi wanataka hita iwake saa 12 hadi 24 kabla ya kompresa kuzunguka. Soma kitabu cha mashine yako, kisha fuata kilichoandikwa.

Najua, ukumbi una harusi jioni na huwezi kumwambia bibi harusi asubiri hadi kesho. Ndiyo maana jambo hili hutengenezwa mapema: hita ipewe laini yake kutoka kwenye jenereta, hata kama chila yenyewe ni nzito mno kwa jenereta. Ukifanya hivyo, bandika onyo kubwa mlangoni mwa paneli, kwa sababu sasa ndani mna umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa, na fundi atakayekuja baada yako hatajua.

Umeme ukirudi, pima fezi zote tatu kabla ya kuwasha. Tuseme unapata volti 398, 401 na 383. Wastani wake ni 394, na iliyoachana zaidi na wastani ni ile ya 383, tofauti volti 11. Gawa kwa 394, unapata karibu asilimia 2.8. Inaonekana ndogo, lakini watengenezaji wengi hawataki ivuke asilimia 2, kwani tofauti ndogo ya volti huleta tofauti kubwa mara kadhaa ya ampea kwenye mota, na mota inaungua kimyakimya. Hapo subiri, au hamia jenereta ikiwa inaweza kuubeba mzigo, na watu wa ZECO, shirika la umeme Zanzibar, wapewe taarifa.

Sasa chumvi. Hewa yetu inakula mapezi, yaani vibati vyembamba, ya alumini ya kondensa, sehemu inayotupa joto nje, hasa pale yanapokutana na bomba la shaba. Pitisha kidole kwenye kondensa iliyosahauliwa pwani ya Kiwengwa au Matemwe: pezi linavunjika kama kaki na kukuachia unga mweupe mkononi. Kaskazi hupiga upande huo, kusi hupiga Paje, Jambiani na Makunduchi, kwa hiyo kila pwani ina msimu wake wa kuoga chumvi. Mashine iliyo karibu na ufukwe mimi huiosha kila mwezi, na katika msimu wa upepo wake mara mbili. Maji yawe matamu, yenye nguvu ndogo, yatoke ndani kwenda nje, kinyume na hewa inavyoingia. Nimewakuta watu wanaosha chumvi kwa maji ya kisima cha chumvi, tena kwa mashine ya kuoshea magari inayolaza mapezi yote. Bora wasingeosha.

Uzuri wa hoteli nao unatuponza. Msanifu hapendi mgeni aone chila, basi wanaizungushia ua wa makuti, na wengine wanaiezeka kabisa. Feni zinatupa hewa ya moto juu, inagonga makuti, inarudi na kuvutwa upya. Nje ni nyuzi 32, mashine inavuta hewa ya 42. Kwa R410A, mojawapo ya gesi za kupozea, ikigeuka kimiminika kwenye nyuzi 50 presha ni takriban bar 30. Ikifika nyuzi 60 ni karibu 37, na swichi ya presha kubwa hukata zaidi kidogo ya 40. Kondensa ikiwa chafu kidogo tu, umeshafika hapo pa kukata. Alamu ya presha kubwa saa nane mchana Februari, mimi kwanza natazama ua. Juu pawe wazi kabisa, na pembeni nafasi aliyoitaja mtengenezaji, kwa mashine kubwa si chini ya mita moja. Kumwagia kondensa maji ya mpira kunasaidia kwa saa chache, lakini visima vyetu vya mawe ya matumbawe vina chokaa, na chokaa ikikaukia kwenye mapezi haitoki.

Gesi ikivuja, watu kwanza. Ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye shimo au ua uliozibwa na kumnyima mtu pumzi bila harufu ya kumwonya. Toka, kaa upande upepo unakotoka, zima swichi ya mbali, mtu yeyote asiwashe sigara wala kuchomea: gesi hizi zikipita kwenye moto huwa sumu. Usizibe kwa mkono. R410A inachemka kwenye nyuzi 51 chini ya sifuri na inaunguza ngozi mara moja.

Wakati fundi yuko njiani, funga kumbi zisizo na watu, teremsha mapazia upande wa jua, na ikiwa chila ni mbili usiipakie iliyobaki mzigo wote. Stoo iwe na mota moja ya feni, kontakta (swichi kubwa inayowasha mota), sensa na swichi ya presha. Spea ikibidi isubiri boti kutoka Dar, wageni wanaanza kuhama. Pemba kusubiri ni zaidi, huko weka na mtungi wa naitrojeni wa kupimia uvujaji.

Na wenye mitambo ya zamani ya R22: gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, makubaliano ya mataifa ya kulinda tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu mwisho ni 2030, ikibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizopo. Mtungi wowote utakaoletewa kwa bei ya kushangaza, uupime presha na joto lake na kulinganisha na jedwali kabla haujafunguliwa kwenye mashine. Zisipolingana, si R22 halisi, rudisha dukani.