Barabara ikifungwa mji haufi: tuwachane na haya maneno

Kila ikitajwa kufungia magari barabara kwa saa chache hapa Mombasa, ili watu watembee, waendeshe baiskeli na watoto wacheze, kuna watu wapandwa na presha kabla hata hawajaambiwa ni barabara gani, na mimi nawaelewa, manake twaishi kisiwani na tushakwama Makupa, njia ya kuingilia kisiwani, ndani ya matatu siku ambazo hakuna kitu kimefungwa. Lakini mengi yanayosemwa si kweli.

"Mji mzima utakwama."
Hapa ndipo watu huchanganya. Kufunga Makupa ni kufunga mlango wa nyumba, lakini kufunga Ndia Kuu ama Mama Ngina Drive Jumapili asubuhi ni kufunga chumba kimoja tu. Bogotá kule Kolombia wafanya hivi tangu 1974, kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120, na mji watembea, kwa sababu barabara nyingi kubwa hufungwa upande mmoja tu, magari yatumia ule mwingine, na kwenye makutano kuna wasimamizi wanaosimamisha baiskeli ili magari yakatize kisha nazo zaendelea. Saa nane ikigonga vizuizi vyatolewa, kwisha. Siku yajulikana, saa zajulikana, mtu hashtukizwi. Ile ya kufungiwa njia ghafla kisa kuna mheshimiwa apita hiyo ni habari nyingine, hata mimi naichukia.

"Hayo ni ya wazungu."
Kigali wanayo siku kama hii tangu 2016, watu wakimbia barabarani na wapimwa sukari na presha bure hapo hapo. Addis Ababa wakaanza mwisho wa 2018. Na sisi wenyewe je, zefe ya Maulidi ikipita Mji wa Kale gari hupita wapi? Harusi ikiwa na hema limeziba mtaa mzima, masufuria ya pilau yako nje, kuna mtu hulalamika kweli? Hulalamika asiyealikwa.

"Biashara itakufa."
Biashara gani? Tusidanganyane, mwenye duka la simiti atateseka siku hiyo, na wa mkokoteni pia asipopangiwa saa za kushusha mzigo. Lakini wa viazi karai, wa madafu, wa mishkaki, wa mabuyu, mteja wao ni mtu wa miguu, aliye garini kapandisha kioo hata harufu haimfikii. New York walitoa magari Broadway pale Times Square mwaka 2009 kwa majaribio, mwaka uliofuata wakaamua ibaki hivyo kabisa.

"Lazima uwe na baiskeli." La. Njoo na kiti chako na kahawa chungu, kaa. Ila wahi, manake saa tano jua la Mama Ngina halina mchezo, ukija saa hiyo na watoto bila kofia wala maji utasema wazo lenyewe ni baya kumbe ni wewe ulichelewa kuamka.

"Ambulensi haitapita." Yapita, vizuizi ni vya kusogezwa na katikati huachwa wazi. Shida huja watu wakipanga meza na majiko mpaka katikati ya lami, hapo ndio pa kuwa wakali.

Ya mwisho ndiyo yaniudhi zaidi: "bodaboda si gari." Ndugu yangu, ni chombo cha moto. Tena hatari yake imezidi siku hiyo, kwa sababu mama kamwachilia mtoto mkono, mtoto akimbilia mpira, hakuna anayeangalia nyuma, barabara si imefungwa? Halafu huyo hapo, kapenya pembeni ya kizuizi na abiria wawili, ukimuuliza akwambia "nafika hapo mbele tu."