Uchumi na kura za rais aliye madarakani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uchumi ukikua, rais anarudi

Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa takribani asilimia 7. Miaka mitano kabla ya hapo, Mwai Kibaki alipoingia Ikulu, ulikuwa ukijikokota chini ya asilimia 1. Shule za msingi za umma zilikuwa bila karo tangu Januari 2003, na simu za mkononi zilikuwa zimefika hadi vijijini. Kama pato la taifa ndilo linalochagua rais, Kibaki angepita bila kutoka jasho. Kumbe tume ya uchaguzi ilimtangaza mshindi kwa pengo lisilofika kura 250,000, matokeo yakapingwa, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa katika wiki zilizofuata. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilifikia hatua ya kusema kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kwa haki.

Ukuaji ule ulikuwa wa kweli, lakini kura za 2007 zilikuwa zimeshaanza kugawanyika wakati uchumi ungali unapanda. Makubaliano ya 2002 ya kugawana madaraka kati ya Kibaki na Raila Odinga yalivunjika. Novemba 2005 serikali ikashindwa katika kura ya maoni ya katiba, na kambi ya Chungwa, ya waliosema Hapana, iliyoshinda siku ile ndiyo iliyogeuka chama cha upinzani. Juu ya hayo, ile asilimia 7 ilimweka mwenye ghorofa Nairobi na mvuvi wa Homa Bay kwenye hesabu moja. Mvuvi aliposikia redioni kwamba uchumi umekua, swali lake lilikuwa fupi: umekua kwa nani?

Dhana: Kuna kiwango cha ukosefu wa ajira ambacho rais hawezi kukivuka

Marekani wana takwimu za ajira za kila mwezi kwa miongo mingi, kwa hiyo kwao dhana hii ni rahisi kuipima. Novemba 1980 Jimmy Carter aliangushwa ukosefu wa ajira ukiwa asilimia 7.5. Novemba 1984 Ronald Reagan alishinda majimbo 49 kati ya 50 ukiwa asilimia 7.2. Namba hizo mbili zinakaribia kulingana, ila mmoja alifukuzwa na mwingine akabebwa juu juu.

Aliyeelewa tofauti yake ni yule aliyetazama zilikotoka. Chini ya Carter hali ilikuwa ikiharibika mwaka uleule wa uchaguzi: Januari 1980 wasio na kazi walikuwa asilimia 6 na ushei, bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 13.5 mwaka huo, na riba ya mikopo ilikuwa haishikiki. Reagan, kwa upande wake, alikuwa ameshuhudia asilimia 10.8 mwishoni mwa 1982, na kufikia 1984 watu walikuwa wakirudi kazini mwezi baada ya mwezi. Franklin Roosevelt naye alirudishwa 1936 kwa kushinda majimbo 46 kati ya 48, ilhali takribani mmoja kati ya kila Wamarekani sita wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa nayo. Alipoapishwa 1933 ilikuwa mmoja kati ya wanne. Barack Obama alishinda 2012 ukosefu wa ajira ukiwa karibu asilimia 8, baada ya kugusa asilimia 10 mwaka 2009.

Kwa hiyo mtu akikwambia rais fulani ameshapotea kwa sababu ukosefu wa ajira ni kiasi kadhaa, muulize kwanza: mwaka jana wakati kama huu ulikuwa kiasi gani?

Wala uchumi haukumwangusha Carter peke yake. Wamarekani 52 walikuwa mateka mjini Tehran siku ya kura, na kila jioni televisheni iliwakumbusha watu hilo.

Dhana: Takwimu zikionyesha nafuu, watu wataiona

George Bush baba alitoka kwenye vita vya Ghuba mwanzoni mwa 1991 akiungwa mkono na Wamarekani karibu 9 katika kila 10. Mdororo wa uchumi, kwa hesabu za wataalamu, ulikwisha Machi mwaka huohuo, miezi 20 kabla ya uchaguzi. Lakini ajira hazikurudi upesi; ukosefu wa kazi uliendelea kupanda hadi asilimia 7.8 Juni 1992. Bush akashindwa na Bill Clinton Novemba. Jopo la wataalamu lenye kazi ya kutaja tarehe za mdororo lilitangaza rasmi kwamba ulikwisha Machi 1991 mnamo Desemba 1992, Bush akiwa ameshashindwa.

Nafuu huanza kwenye vitabu vya kampuni, ikafuata ajira, na mshahara unakuja nyuma kabisa. Uchaguzi haungoji msafara wote ufike.

Dhana: Mfumuko wa bei ukishuka, hasira inakwisha

Hapa ndipo wanasiasa na wachumi wao huteleza zaidi, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana tunadanganyana kila siku kwenye neno hili moja.

Chukua pakiti ya unga ya shilingi 100. Mwaka huu bei imepanda kwa asilimia 30. Sasa ni 130. Mwaka ujao waziri anasimama mbele ya wanahabari na kutangaza kwa furaha kwamba mfumuko wa bei umeshuka hadi asilimia 3. Pakiti sasa ni karibu 134. Waziri hajasema uongo. Kilichopungua ni mwendo wa bei kupanda. Bei yenyewe bado inapanda, na ile 100 ya zamani haitarudi. Mama anayepikia watu sita anakumbuka vizuri sana ile 100. Kama mshahara wa nyumba yake umebaki palepale, kila tangazo la mafanikio linamchoma.

Ndicho kilichowapata chama cha Joe Biden. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, wa juu kuliko wote katika miaka 40. Kufikia Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.6, na ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 4.1, namba ambazo Carter angezililia. Biden mwenyewe alikuwa amejitoa Julai, akabaki makamu wake Kamala Harris kulibeba jina la serikali. Lakini bei kwa jumla zilikuwa juu kwa takribani asilimia 20 kuliko Januari 2021, na mayai, kodi ya nyumba na bima ya gari havikuhitaji kuelezewa na mtaalamu. Harris alishindwa katika majimbo yote saba yaliyokuwa yakigombewa vikali.

Asiye na kazi anaumia sana, lakini katika nchi kama Marekani ni watu wachache kati ya mia. Bei ikipanda inamgusa kila anayekula. Ndiyo maana naona kupanda kwa bei ni adui mkubwa zaidi wa rais kuliko ukosefu wa ajira, japo ukosefu wa ajira ndio unaotajwa zaidi majukwaani.

Dhana: Miradi mikubwa inanunua kura

Rais Edgar Lungu wa Zambia alijenga barabara, madaraja na hospitali, na jengo jipya la uwanja wa ndege wa Lusaka likazinduliwa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2021. Vilionekana kwa macho na vilikuwa na faida. Vilijengwa pia kwa mikopo mingi, na Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati fungani zake, yaani mikopo iliyochukua kwa wawekezaji. Kwacha, sarafu ya Zambia, iliporomoka, na katikati ya 2021 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 24. Hakainde Hichilema, aliyekuwa ameshashindwa mara tano, akampita Lungu kwa takribani kura milioni moja.

Mtu anaweza kuipenda barabara na bado akamkataa aliyeijenga, hasa kama nauli ya kuipita imepanda.

Dhana: Ruzuku ya dakika za mwisho inaokoa

Julai 2022 nilikuwa Nakuru. Unga wa kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 200. Tarehe 20, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti itauzwa shilingi 100. Kesho yake nilitoka na noti ya mia mbili nikijua nitarudi na pakiti mbili. Duka la kwanza, hakuna. La pili kulikuwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni: unga umekwisha. La tatu mwenye duka alinitazama kwa huruma akasema, "Dada, hiyo ya mia hata mimi nimeiona kwa televisheni tu." Nilirudi na pakiti moja ya bei ya zamani, tena nikaongezea sarafu.

Ahadi ambayo mtu ameifuata dukani kwa miguu yake na kuikosa inaacha uchungu kuliko kutoahidiwa kabisa. Na hata ruzuku inapofika rafuni, watu wanajua kuhesabu tarehe.

Uhuru hakuwa mgombea. Alikuwa amemaliza mihula yake miwili na alimuunga mkono Raila Odinga. Hapo ndipo penye funzo kuhusu lawama. William Ruto alikuwa Naibu Rais katika serikali ileile kwa karibu miaka kumi, lakini alifanya kampeni kama mpinzani, akizungumza lugha ya mama mboga na mwendesha bodaboda. Raila, mpinzani wa miaka mingi, ndiye aliyeonekana amekaa upande wa serikali. Gharama ya maisha ikamwangukia mgombea wa Ikulu. Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49.

Dhana: Mwenye hasira huhamia upinzani

Wengine hubaki nyumbani. Ghana mwaka 2024, baada ya mfumuko wa bei uliofika asilimia 54 Desemba 2022 na nchi kusitisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje, John Mahama alirudi madarakani kwa zaidi ya asilimia 56. Sehemu kubwa ya ushindi ule ilitokana na wafuasi wa chama tawala ambao hawakujitokeza kupiga kura kabisa. Kumbuka kwamba Mahama huyohuyo aliangushwa 2016, watu wakiwa wamechoshwa na kukatika kwa umeme na maisha magumu.

Dhana: Rais huadhibiwa kwa makosa yake tu

Malawi inatoa jibu wazi kuliko nchi nyingine yoyote ninayoijua. Joyce Banda aliingia Aprili 2012 baada ya kifo cha Bingu wa Mutharika, akashusha thamani ya kwacha ya Malawi mwezi uliofuata kwa sababu akiba ya dola ilikuwa imekauka kabla hajaingia, na 2014 akashika nafasi ya tatu. Kashfa ya wizi wa fedha za serikali ya 2013 ilimmaliza, lakini bei zilikuwa zimeshamchosha mwananchi. Peter Mutharika, ndugu wa Bingu, akachukua, akang'olewa 2020 baada ya mahakama kufuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Lazarus Chakwera akaja na ahadi ya ajira milioni moja na mbolea ya bei nafuu.

Halafu yakamkuta: bei za mbolea na mafuta zilizopandishwa na vita vya Ukraine, Kimbunga Freddy cha Machi 2023 kilichoua au kupoteza watu zaidi ya elfu moja, kushushwa kwa kwacha kwa asilimia 44 Novemba 2023, foleni za petroli zisizokwisha, na mahindi ambayo mkulima mwenyewe alishindwa kuyanunua. Baadhi ya hayo hakuyaleta yeye. Mengine, kama ahadi asizoweza kuzitimiza, aliyatamka kwa kinywa chake. Mpiga kura aliyelala kwenye foleni ya petroli hakuyatenganisha mafungu hayo mawili, na sioni kwa nini tumlaumu. Hana njia ya kumpigia kimbunga kura ya hapana.

Septemba 2025 Mutharika, akiwa na umri wa miaka 85, alirudishwa kwa takribani asilimia 57. Chakwera alipata 33.

Dhana: Hali ikiwa mbaya kabisa, lazima aanguke

Hakuna uchumi ulioanguka karibu nasi kama wa Zimbabwe mwaka 2008. Julai mwaka huo mfumuko rasmi wa bei ulihesabiwa kwa mamilioni ya asilimia. Kura ya Machi 29 ilizungumza: Morgan Tsvangirai asilimia 47.9, Robert Mugabe 43.2. Matokeo yalicheleweshwa zaidi ya mwezi mmoja, duru ya pili ikaitishwa, wafuasi wa upinzani wakapigwa na kuuawa, na Juni 22 Tsvangirai akajitoa. Siku tano baadaye Mugabe akapigiwa kura karibu peke yake, na akaapishwa.

Rafu za maduka ya Harare zilikuwa tupu kuliko zilivyowahi kuwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Chakwera, yeye, Septemba 24, 2025, saa chache kabla tume haijatangaza matokeo, alihutubia taifa, akakiri ameshindwa na kumpongeza mpinzani wake.