Mdomo uliovimba tangu mwezi wa tatu sio aleji ya sangara

Jamani tuelewane kidogo. Mwanza hapa mtu akivimba mdomo tu jibu lipo tayari, aleji, na wa kwanza kulaumiwa ni sangara, akitoka sangara anafuata dagaa, mwisho mgonjwa anabaki na ugali na mchicha huku soda anashushia kama kawaida.

Kuna ugonjwa unaitwa orofeshio granulomatosisi, jina limeanza kutumika 1985. Ni uvimbe sugu wa midomo na uso, saa nyingine fizi na mashavu kwa ndani, seli za kinga zinajikusanya vinundu vinundu visivyoonekana kwa macho. Baadhi ya wagonjwa wanatibiwa kwa mlo. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa kinachonikera ni hiki. Aleji ya samaki haina subira, umekula saa saba, saa saba na nusu mdomo umejaa na unawasha, kesho kutwa umeshanywea (ila ulimi ukivimba au pumzi ikibana, hospitali mbio). Huu mwingine mwanzoni unakuja unaondoka, halafu siku moja unagoma kuondoka, lipsi ukiibinya ni ngumu kama soli ya ndala, kwenye kona imepasuka, na vidonge vya aleji unameza mpaka unapitilizwa kituo kwenye daladala kwa usingizi, uvimbe uko palepale.

Na huo mlo sio kuacha samaki. Kinachotolewa ni mdalasini na benzoeti, zile dawa za kuhifadhia vyakula, kwenye lebo zinaandikwa E210 mpaka E219. Kwahiyo wa kuangaliwa ni soda, juisi za chupa, tomato sosi na chili sosi ya kumwagia chipsi, masala ya chai, pilau la shughuli, hata dawa ya meno yenye mdalasini. Sato aliyetoka mwaloni Kirumba asubuhi hana E211, mwacheni. Kawaida ni wiki 12, ukipata nafuu (sio wote wanapata) vitu vinarudishwa kimoja kimoja mpaka mchokozi ajulikane, sio kufunga maisha.

Ila usijianzishie mwenyewe, maana TB na ugonjwa wa Crohn wa utumbo navyo vinaweza kuleta vinundu vya aina hiyo, ndo maana daktari anaweza kukata kinyama kidogo mdomoni kikapimwe. Ukienda kumwona beba na lebo za chupa za jikoni kwako, atazihitaji kuliko maelezo ya samaki.