Brashi ya kunyolea ndevu: ghali na laini si lazima iwe bora

Anayeanza kunyoa kwa brashi na sabuni huambiwa kwamba brashi ya kweli ni ya manyoya ya melesi, mnyama wa Ulaya na Asia wa jamii moja na nyegere, na kwamba ya nguruwe ni ya asiye na pesa. Si kweli. Vinyozi wa Italia wametumia ya nguruwe miaka nenda rudi, na kampuni ya Omega ya Bologna, inayozitengeneza, ipo tangu 1931.

Kinachopotosha watu ni siku za mwanzo. Brashi mpya ya nguruwe inachoma, ina harufu na povu lake ni haba. Lakini nywele zake hufyonza maji, kwa hiyo iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Baada ya wiki kadhaa ncha zinapasuka na kuwa laini usoni, huku shina likibaki kakamavu. Ukakamavu huo ndio unaokwangua sabuni ngumu. Brashi teketeke hulala tu juu yake.

Melesi ni nzuri, hushika maji mengi. Ila madaraja ya ubora wa manyoya yanayoandikwa kwenye boksi hayana kiwango kimoja. Kila mtengenezaji hujipangia yake.

Sintetiki za sasa, yaani brashi za nyuzi za kiwandani, nazo hazihitaji kulowekwa na hukauka upesi. Kwa Mwislamu anayeepuka nguruwe, ningemshauri aanze na hiyo, na asidhani amechukua ya daraja la chini.