Teksi: gari lililopewa jina la nauli

Ukitaka kuona neno moja likigeuka mbele ya macho yako, nenda Busia. Upande wa Kenya, Toyota HiAce yenye mstari wa manjano ubavuni ni matatu. Vuka mpaka kwa miguu, na upande wa Uganda HiAce kama hiyo, nyeupe, yenye mkanda wa mirabaraba ya buluu, ni teksi. Inabeba abiria 14: wawili mbele karibu na dereva, nyuma safu nne za watu watatu watatu. Kila mmoja analipa nauli yake kwa kondakta. Mkenya au Mtanzania anapotaja teksi huwa anafikiria gari dogo analokodi peke yake hadi mlangoni. Gari hilo Kampala linaitwa spesheli haya, kutoka Kiingereza 'special hire', au spesheli tu.

Wageni hupenda kusema Waganda wamekosea. Hilo si sahihi, kwa sababu neno lenyewe halikuwa jina la gari hata huko lilikozaliwa. Lilikuwa jina la kifaa cha kupimia nauli.

'Taxi' ni kifupisho. Kirefu chake kwa Kiingereza ni 'taximeter cab'. Tuanze na kipande cha kwanza. Kilatini kina kitenzi taxare, kukadiria thamani ya kitu. Katika Kilatini cha zama za kati likatoka jina taxa, malipo yaliyokadiriwa. Wajerumani walilichukua wakaliunga na metron ya Kigiriki, yaani kipimo, wakapata Taxameter: kipima malipo. Anayetajwa kuwa mvumbuzi wa kifaa hicho cha kisasa ni Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn, mwaka 1891. Wafaransa wakakiita taximètre, na kutoka kwao Waingereza wakapata 'taximeter'.

Kipande cha pili kinafurahisha zaidi. 'Cab' ni ufupisho wa cabriolet, gari jepesi la farasi lenye magurudumu mawili, ambalo lilirukaruka sana barabarani. Wafaransa waliliita hivyo kutokana na neno la mruko, ambalo chanzo chake ni capriola ya Kiitaliano, na nyuma yake kabisa yuko mbuzi wa Kilatini. Kwa hiyo anayesema 'taxicab' anasema, kwa asili ya maneno, mruka-mbuzi wenye kipima nauli.

Gari la injini lililofungwa kifaa hicho kwanza lilitengenezwa na Daimler na kupelekwa kwa mfanyabiashara Friedrich Greiner mjini Stuttgart mwaka 1897. Mwaka 1907 London ikalazimisha magari ya kukodi yawe na taksimita, na mwaka huohuo mfanyabiashara Harry Allen akaleta New York magari 65 mekundu kutoka Ufaransa, yote yamefungwa kipimo. Alikuwa ametozwa dola 5 kwa safari isiyofika hata maili moja, na kilichomkera ni kwamba dereva alijipangia bei. Ulimi wa mjini hauvumilii maneno marefu. Mwaka huo huo watu walikuwa wameshakata 'taximeter cab' ikabaki 'taxi'.

Kifaa chenyewe kinahitaji kueleweka, kwa kuwa ndicho roho ya neno. Taksimita ya zamani ilikuwa na vyanzo viwili: waya uliozungushwa na mwendo wa gari, na saa ndani ya kisanduku. Gari likienda kasi, magurudumu ndiyo yaliyosogeza tarakimu. Likikwama kwenye foleni, saa ilichukua zamu. Mahali pa kubadilishana zamu hupatikana kwa hesabu. Chukulia bei ni shilingi 1,500 kwa kilomita na shilingi 300 kwa dakika ya kusubiri. Shilingi 300 kwa dakika ni 18,000 kwa saa. Gawa kwa 1,500, unapata 12. Chini ya kilomita 12 kwa saa dereva analipwa kwa muda, juu ya hapo analipwa kwa umbali. Pembeni kulikuwa na kibendera cha chuma kilichosimama gari likiwa tupu. Dereva alikiangusha abiria anapoingia, na papo hapo malipo ya kuanzia yakaandikwa. Ndiyo maana Kiingereza hadi leo huyaita malipo hayo kuanguka kwa bendera.

Kosa la kawaida la taksimita huanzia kwenye tairi. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 kwa kilomita. Likilika unene wa milimita 6 pande zote, mzingo unapungua hadi kama mita 1.96, na kilomita ileile sasa inadai mizunguko karibu 510. Kifaa hakijui tairi limechakaa, kinahesabu mizunguko tu, hivyo abiria anaongezewa karibu asilimia 2. Ukifunga tairi kubwa kuliko lililopimiwa, hasara inahamia kwa dereva. Ndiyo sababu mamlaka za vipimo huipima taksimita ikiwa tayari imefungwa kwenye gari lake.

Ndugu wa kweli wa neno hili kwa Kiingereza ni 'tax', kodi ya serikali, na 'task', kazi uliyopangiwa, ambalo lilitokana na taxa baada ya sauti zake kupinduka. Hapa Kiswahili kinastahili kusikilizwa: nasi tunakodi gari na tunalipa kodi. Lugha mbili zilizo mbali zimeona kitu kimoja. Taxidermy, ufundi wa kuhifadhi ngozi za wanyama, hauhusiki. Taxi- yake ni ya Kigiriki, yenye maana ya mpangilio. Wala si kweli kwamba neno lilitokana na ukoo wa Thurn und Taxis uliosafirisha barua Ulaya. Jina la ukoo huo linatoka kwa Tasso ya Kiitaliano.

Majirani nao waliita magari yao kwa pesa. Matatu, kwa maelezo yanayojulikana zaidi, ni sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya Nairobi. Daladala inatokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano. Kwa hiyo matatu, daladala na teksi ni majina ya nauli yaliyopanda magari. La Uganda tu ndilo limetoka mbali zaidi, na limefika bila kifaa chake. Waganda wana jina lao pia, kamunye, yaani mwewe, na hilo ndilo linaloeleza mwendo wa gari.

Kwa mtumiaji, tofauti hii ina gharama. Ukimwambia mtu wa bodaboda Kampala akupeleke kwenye teksi, atakushusha steji au Old Taxi Park, kituo kikubwa cha magari hayo, ili upande gari la wote. Hapo gari linaondoka likijaa. Uliza nauli kabla ya kukaa, maana bei ya jioni au ya mvua si ya saa nne asubuhi. Shika noti ndogo, kwa kuwa chenji ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Ukikaribia kushuka, sema mapema "mbele hapo" au, kwa Kiganda, "maaso awo". Ukitaka gari lako peke yako, sema spesheli, na mpatane bei yote kabla mlango haujafungwa. Taja pia kama kuna kusubiri, kwa sababu hakuna saa itakayokuhesabia.

Tangu 2016, Uber ilipoingia Kampala, simu imeanza kupima umbali na dakika za safari, kazi ileile ya kisanduku cha Bruhn. Kipimo kimerudi, ila watu hawakukiita teksi. Jina hilo lina wenyewe tayari.

Na ukitua Entebbe utalikuta neno hili mara ya tatu. Ndege inapotambaa polepole kutoka barabara ya kutua kwenda inapoegeshwa, rubani kwa Kiingereza anasema ndege ina-'taxi'. Matumizi hayo yalianza miaka michache tu baada ya 1907, ndege za mwanzo zilipokuwa zikijikokota ardhini kama gari linalotafuta abiria. Nje ya jengo, anayekuuliza kama unahitaji "taxi" anazungumza Kiingereza cha wageni. Gari analokuonyesha ni spesheli.