Umeme ushuke bei kwa wote? Hebu nisikilizeni

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwenye bajaji kutoka stendi kwenda Chuno. "Gesi inatoka kwetu Mtwara, si washushe tu bei ya umeme na ya mtungi kwa wote, mnyonge apone." Dereva akaitikia, mama niliyekaa naye akaitikia, mimi kimya maana nikianza hii mada nitashushwa njiani.

Mtungi tumalizane nao chapchap. Gesi ya huku kusini, ya Mnazi Bay na Songo Songo, ni methani, inasafiri kwenye bomba na sehemu kubwa inazalisha umeme. Ya mtungini ni propani na butani, inaletwa na meli kutoka nje, kwa hiyo siyo hiyo inayotoka kwetu. Basi, tusirudie.

Kinachonikera ni hilo neno "kwa wote". Ukikata shilingi 50 kila uniti, mwenye AC mbili anayetumia uniti 600 umempa 30,000 kwa mwezi, bibi wa Nanyamba mwenye taa tatu na uniti zake 10 umempa 500, na jirani yake ambaye hajavuta umeme hujampa kitu. Hiyo ndo ruzuku ya mnyonge?

Mtasema mbona kuna D1, ile bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo. Ipo, na wazo lenyewe zuri: kwa bei zilizopangwa 2016, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa 100 kwa uniti, wa kundi la juu yake 292, weka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inakuwa kama 122 na 356. Shida ni kwamba mita inahesabu uniti, haihesabu watu!

Chukua nyumba ya kupanga pale Magomeni, vyumba sita, mita moja ya luku. Daftari la michango linaning'inia kwenye msumari koridoni, chumba cha tatu anadaiwa 2,000, na wote wanamnunia mwenye friji. Kwa wastani kila chumba kinatumia uniti 25 tu lakini mita inasoma 150, kwa hiyo wako kundi la juu, kila mmoja anatoa kama 8,900. Mtaa wa pili kuna mtu na mkewe, wote waajiriwa, mita yao wenyewe, uniti 70, wanalipa 8,540. Yaani wa uniti 25 anamzidi wa uniti 70 kwa kulipa, halafu kwenye ripoti tunaandika ruzuku imewafikia wa kipato cha chini. Na kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye luku, nyumba siyo yao, ila hilo niliache leo.

"Si kila chumba kiwekewe mita?" Ndo nilivyokuwa nasema zamani. Kisha mwenye bangaloo naye anaomba mita tatu, ya mbele, ya uani na ya kisima, zote zinasoma chini ya 75. Siku hizi naegemea kuvumilia huo wizi mdogo ili wapangaji wapone, lakini sina uhakika, na mwenzangu mmoja kazini kila tukikaa ananipinga kwa hoja ambazo sijazijibu vizuri.

Na tukipata bei sahihi bado kuna suala la hela inaingia lini. Huku watu wanashika hela ya korosho kuanzia Oktoba hivi, ikifika Machi mfukoni hakuna kitu. Ukimpa mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa ruzuku atashukuru, atachemshia chai, lakini mbaazi na ming'oko (mizizi ya porini), vinavyochelewa kuiva, anarudi kwenye mkaa, na gesi ikiisha Machi hawezi kutoa hela ya kujaza yote kwa mpigo wakati mkaa anauziwa kwa kopo. Mkaa kwa kopo ukijumlisha mwezi mzima siyo rahisi hata kidogo, anajua, ila leo ana buku tu. Nipeni mtu wa kumuuzia gesi ya buku, hiyo mitungi ya ruzuku tutaongea baadaye.