Aliye Nyuma ya Dirisha la Dawa

Saa mbili asubuhi, kwenye zahanati nyingi za umma upande wa Eastlands, Nairobi, benchi huwa limeshajaa. Mama amempakata mtoto mwenye homa. Mzee ameshika kadi yake ya kliniki ya shinikizo la damu. Kijana wa mjengo amefunga kidole kwa kitambaa. Mmoja mmoja wanaonwa, wanaandikiwa, halafu wanafika kwenye dirisha la dawa na kuambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje." Hasira yote humwangukia yule aliye nyuma ya dirisha.

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi huduma za umma zinavyosimamiwa, na swali ninaloulizwa zaidi na watu wa mitaani ni hili: pesa zinaenda wapi? Ni swali la haki, wala sitaki mtu aache kuliuliza. Lakini tafiti za zaidi ya miaka ishirini, nyingine zikiwa zimefanywa hapa kwetu Kenya na kwa majirani, zimeonyesha kuwa kuna swali linalostahili kulitangulia. Yule aliye nyuma ya dirisha anamjibu nani, na ana uwezo gani wa kubadilisha chochote?

Neno uwajibikaji limezaliwa na wajibu, na wajibu hauelei hewani. Huwa wa fulani kwa fulani. Benki ya Dunia, katika Ripoti yake ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2004 kuhusu huduma kwa maskini, ilieleza jambo hili kwa namna ambayo bado tunaitumia. Mwananchi ana njia mbili za kudai huduma. Njia ndefu hupitia kura: unamchagua gavana na mwakilishi wa wadi, gavana anateua waziri wa afya wa kaunti, waziri anaagiza wakurugenzi, mkurugenzi anamsimamia mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo anamsimamia muuguzi. Njia fupi ni wewe na muuguzi, ana kwa ana. Sokoni njia fupi inatosha. Nyanya zikiwa mbovu unahamia meza ya pili. Kwenye zahanati ya umma, mgonjwa asiye na pesa hana meza ya pili. Kwa hiyo njia ndefu ikikatika mahali popote, huduma hukatika, hata kama kila mtu kwenye mnyororo ana nia njema.

Inakatika wapi? Chukua pesa za hospitali. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria imeyaondoa. Baada ya ugatuzi, yaani kuhamishia kaunti madaraka, kuanza mwaka 2013, hospitali katika kaunti nyingi zilijikuta zikikusanya pesa, zikizipeleka hazina, kisha zikisubiri zirudi. Daktari msimamizi alikuwa na mamia ya wagonjwa chini yake lakini hana idhini ya kununua glavu. Ilichukua hadi mwaka 2023 kwa Bunge kupitisha sheria ya fedha za kuboresha vituo vya afya, inayoruhusu kituo cha umma kubaki na kile kinachokusanya na kukitumia chini ya bodi au kamati yake. Ni sheria isiyozungumzwa sana mitaani. Mimi naiona kuwa miongoni mwa mabadiliko makubwa ya usimamizi wa afya tangu ugatuzi, kwa sababu inamwondolea msimamizi kisingizio na wakati uleule inampa uwezo. Huwezi kumwajibisha mtu kwa asichokuwa na mamlaka nacho.

Sasa nije kwenye utafiti ninaourudia kila ninapofundisha maafisa wa umma, kwa kuwa ni wetu na kwa kuwa unauma. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005 yalionyesha kuwa wanafunzi wa shule za msingi walifaidika sana pale mwalimu wa ziada alipoajiriwa kwa kandarasi na kamati ya shule. Serikali nayo ikaingia kwenye mpango wa kuajiri walimu 18,000 wa kandarasi nchi nzima. Kabla mpango haujatapakaa, kundi la watafiti liliuliza swali rahisi: je, faida ile itabaki ileile tukiiacha mikononi mwa wizara? Miongoni mwao walikuwamo Germano Mwabu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Mwangi Kimenyi, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera za umma. Wakachukua shule 192 kutoka mikoa yote minane ya wakati ule na kuzigawa kwa bahati nasibu. Theluthi moja haikupewa mwalimu wa kandarasi. Theluthi ya pili ilipewa kupitia shirika lisilo la kiserikali. Theluthi ya tatu ilipewa kupitia serikali.

Kandarasi ilikuwa ileile na kazi ileile. Chini ya shirika, alama za watoto zilipanda. Chini ya serikali, hazikupanda hata kidogo.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kusema, "Si tulijua, serikali haiwezi." Naomba tusikimbie. Ndiyo, upande wa serikali mishahara ilichelewa zaidi na wakaguzi walifika shuleni mara chache zaidi. Lakini watafiti walipopima, hayo peke yake hayakutosha kueleza pengo lote. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni siasa ya ajira. Chama cha walimu kilipinga kandarasi hizo, na mwalimu aliyeajiriwa kwa mkono wa serikali alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba siku moja ataingizwa kwenye ajira ya kudumu. Baada ya mgomo wa Septemba 2011, hilo ndilo lililotokea. Sisemi walimu walikosea kudai ajira ya heshima. Mwalimu wa Kayole au wa Kitui ana watoto wa kulisha kama mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba waliobuni mpango walichora kandarasi wakasahau kuchora nchi ambamo kandarasi hiyo ingetekelezwa. Mpango wa huduma ukihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine huwa umekuwa mpango mpya, na lazima ujaribiwe upya.

Hadithi inayofanana na hiyo ilitokea Rajasthan nchini India, wilaya ya Udaipur. Wauguzi wa serikali walikuwa hawaonekani vituoni. Shirika moja la huko likapewa kazi ya kufuatilia mahudhurio yao kwa mashine zinazogonga saa na tarehe, na serikali ikaahidi kukata mshahara wa watoro. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri ajabu: mahudhurio yalikuwa kama maradufu ya vituo vingine. Miezi michache baadaye, idara ya afya yenyewe ikaanza kuandika ruhusa nyingi za kutokuwepo, za mikutano, safari na kazi za nje. Baada ya miezi 16 hakukuwa na tofauti yoyote kati ya vituo vyenye mashine na visivyo nayo. Mashine hazikuwa zimeharibika zote. Kilicholegea ni mkono uliotakiwa kuzisoma. Nakumbuka utafiti huu kila ninapoona ofisi ya umma imefunga kifaa kipya cha alama za vidole mlangoni. Swali langu huwa moja: nani anasoma ripoti yake Ijumaa jioni, na Jumatatu anafanya nini?

Basi, wengine husema, tuwape wananchi wenyewe usimamizi. Hapo pia tunahitaji uangalifu. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia vituo 50 vya afya katika wilaya tisa. Wanakijiji walipewa takwimu za kituo chao, wakaketi na wahudumu, wakaandikiana mpango wa kurekebisha mambo. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa thuluthi moja. Dunia nzima ilishangilia. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine wakarudia wazo hilo hukohuko Uganda kwa upana zaidi, vituo 376 katika wilaya 16. Baadhi ya mambo ya huduma yaliboreka kidogo, lakini punguzo lile la vifo halikuonekana. Sielewi kwa nini matokeo ya pili husimuliwa mara chache hivyo kwenye semina zetu, ilhali ndiyo yanayotufundisha zaidi. Mkutano wa wananchi unaweza kumfanya muuguzi awahi kazini na awe na lugha nzuri. Hauwezi kuleta dawa ambazo hazikuagizwa.

Hapa Nairobi tuna mfano wa namna nyingine, ambapo wananchi hawakuishia kulalamika wala kukagua, bali walizalisha taarifa ambazo serikali yenyewe haikuwa nazo. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake lenyewe wa maendeleo. Tangazo hilo lilihusu Mukuru Kwa Njenga, Mukuru Kwa Reuben na Viwandani, eneo lenye kaya zipatazo laki moja. Kabla ya hapo, wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vikiwemo Nairobi na Strathmore, walikuwa wamehesabu nyumba, vyoo, nyaya za stima na mabomba. Waligundua kuwa maskini wa Mukuru anailipia mita moja ya ujazo ya maji zaidi ya mara mbili ya anayoilipia mkazi wa mtaa uliopangwa.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Kampuni ya maji hutoza kwa mita ya ujazo, nayo ni sawa na mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 5, umelipa shilingi 250 kwa mita moja. Bomba likikauka wiki nzima na mtungi ukafika shilingi 20, umelipa 1,000. Mama wa Kwa Reuben alikuwa akilijua hilo mfukoni mwake kwa miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba sasa lilikuwa limeandikwa, likiwa na ramani, na afisa wa mipango hangeweza tena kusema hana habari.

Kisha ikaja Februari 2020. Serikali ya kaunti ilikabidhi serikali ya kitaifa majukumu manne, yaani afya, uchukuzi, ujenzi na mipango, na Nairobi Metropolitan Services ikaundwa kuyaendesha hadi Septemba 2022. Barabara zilitengenezwa Mukuru, visima vikachimbwa. Ni haki kuyasema hayo. Ila kwa anayesoma utawala, kipindi hicho kiliacha fundisho lingine: mkazi alikuwa amempigia kura gavana na mwakilishi wa wadi, huku huduma alizozitaka zikiendeshwa na chombo ambacho hakukipigia kura. Mtaro ukiziba, alikwenda ofisi gani? Watu wengi niliozungumza nao wakati huo hawakujua, na baadhi ya maafisa nao hawakuwa na uhakika.

Vituo vya Huduma (Huduma Centre), ambako raia huomba huduma nyingi za serikali chini ya paa moja, vilivyoanza mwaka 2013 pale posta kuu ya Nairobi (GPO), vilipunguza mateso mengi ya foleni na madalali, vinastahili sifa. Hata hivyo kitambulisho hakichapishwi pale kwenye kaunta. Kaunta safi yenye mhudumu mwenye adabu haiharakishi ofisi ya nyuma usiyoiona, na huko ndiko kazi kubwa ya marekebisho iliko.

Nimalizie na chombo ambacho kila mkazi wa Nairobi anacho na wachache hukitumia. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria imetaja hivyo waziwazi. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anaweza kulisema kwa mdomo na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Hulazimiki kueleza unaitakia nini taarifa hiyo. Kuomba ni bure, unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman.

Uzito wa ombi uko kwenye swali lenyewe. Ukiuliza, "Kwa nini hakuna dawa?", utajibiwa kwa hotuba. Uliza hivi: katika miezi mitatu iliyopita, kituo chetu kiliagiza dawa tarehe gani? Kiliagiza nini na kiasi gani? Kilipokea nini, tarehe gani, na ni nani aliyetia sahihi kupokea? Majibu ya maswali hayo yamo kwenye daftari la stoo na fomu za kuagizia. Yakija, utajua kama mnyororo ulikatika kituoni, kaunti, au kwa msambazaji, na utajua mlango wa kugonga. Huenda ukagundua kuwa yule aliye nyuma ya dirisha aliagiza mapema mara tatu na hakuletewa kitu.

Peleka barua yako nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa tarehe ya kupokelewa na urudi nayo nyumbani, maana siku 21 zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.